Rai Inayongoja Theluji

Latvala, Kuhmo
24 Julai 2006

Mama Mdogo Tuija mpendwa,

Huku sote hatujambo, isipokuwa rai, ile nafaka ya mkate ya Bibi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nakaa kimya hadi watu wanadhani laini imekatika, na jambo lenyewe ni refu. Unakumbuka siku ya Pasaka, Bibi alipoishusha ile soksi ya sufu kutoka darini ghalani, akaimwaga mezani na kuzigawa punje mafungu mawili kwa kisu cha siagi? Wewe ukapewa fungu moja kwa sababu una mashine, mimi nikapewa la pili kwa sababu nina udongo. "Hiyo ndiyo rai yote ya Latvala iliyobaki duniani," akasema. "Mkiipoteza, mtakula mkate wa dukani mpaka mfe." Kisha akatangaza kwamba atakayefanikiwa kumvunia rai ndiye atakayerithi beseni lake la mbao la kukandia mkate, lile ambalo halijawahi kuoshwa tangu enzi za mama yake, kwa sababu chachu imejificha ndani ya mbao zenyewe.

Basi nadhani nimeipoteza.

Nilipanda mwezi wa Mei, wiki ileile Baba aliyopanda shayiri yake, nyuma ya sauna karibu na lundo la mawe. Nusu iliota, nikafurahi. Sasa shayiri ya Baba ina masuke marefu yanayopepea, na rai yangu ina majani tu. Haiinuki. Inatambaa na kujazana chini kama manyoya ya paka. Kila jioni Baba anatoka sauna na taulo kiunoni, anasimama hapo na kutikisa kichwa.

"Hilja, umelima nyasi."

"Ni rai, Baba."

"Nyasi safi kabisa, sikatai. Lakini nyasi."

Wiki ijayo anataka kuilima kwa trekta ili apande chakula cha kondoo. Mama amemwambia angoje jibu lako. Mvua haijanyesha tangu kabla ya Juhannus, ile sikukuu ya kiangazi ya Juni, kisima kimeshuka, nami nimekuwa nikiimwagilia maji yanayobaki sauna. Labda ni ukame. Labda nimeilisha sabuni. Niambie ukweli, hata kama ni mbaya. Na fungu lako linaendeleaje kwenye kile chumba cha mashine za kukuzia mimea ulichotusimulia?

Wako,
Hilja


Turku
28 Julai 2006

Hilja mwanangu,

Mwambie baba yako azime trekta. Hiyo ndiyo sentensi ya maana katika barua hii; nyingine unaweza kuzisoma taratibu na kahawa.

Hujaua kitu. Umepanda mapema mno, basi. Watu wa zamani huko kwenu walikuwa wakiipanda baada ya Juhannus. Shayiri ya baba yako ikipandwa Mei hukimbilia kutoa masuke kama mtu anayewahi basi la mwisho. Rai ya Bibi haiwezi kufanya hivyo hata ikitaka. Jeni yake ya kuanzisha suke imefungwa, na kinachoifungua ni baridi, tena si baridi ya usiku mmoja, bali ya majuma mengi mfululizo. Fikiria kama isingekuwa hivyo: ingetoa masuke Septemba, jalidi ingeyaua yote, na leo Bibi asingekuwa na soksi ya kugawa. Rai yako haijakataa kuzaa. Inangoja theluji.

Na ukame usikutishe kupita kiasi. Mmea hauna miguu ya kukimbilia kivulini, kwa hiyo kazi yote huifanyia ndani. Kuna jeni ambazo shughuli yao ni kupiga kengele tu, kama kengele ya zimamoto wa kujitolea hapo Kuhmo. Ikilia, kila mmoja anaacha kikombe chake na kushika lake: huyu anatengeneza sukari, yule anakinga ngozi ya seli isipasuke, mwingine anaziba vitundu vya majani maji yasitoroke. Kengele ya ukame ni moja na kengele ya baridi ni nyingine, lakini wengi wanaoitikia ni walewale. Hilo lilinishangaza nilipokuwa mwanafunzi, mpaka nilipoelewa kwamba barafu inapofanyika kwenye jani huyavuta maji kutoka ndani ya seli. Kwa mmea, kuganda ni namna nyingine ya kukauka.

Ama kuhusu fungu langu, limekutana na joto kidogo, lakini usijisumbue nalo. Wewe tunza lako. Litunze sana.

Akupendaye,
Tuija

Sabuni iache.


Latvala, Kuhmo
14 Septemba 2006

Mama Mdogo mpendwa,

Nilimsomea Baba barua yako mezani. Akatafuna, akafikiri, akasema, "Yaani inangoja baridi? Basi imekuja mahali pazuri." Trekta imerudishwa kwa jirani. Rai sasa inanifika magotini, nzito na ya kijani kiasi kwamba ukilala juu yake huenda usiguse udongo. Wageni wakija Baba huwapeleka wakaione. Anaiita "ile nyasi ya Hilja", lakini anaiita kwa fahari.

Mwalimu wetu wa biolojia, Heikura, amesikia habari hizi sijui kwa nani, akaniomba nizungumze darasani kuhusu jeni za baridi. Nikasema ndiyo, kwa sababu kusema hapana kungehitaji maneno mengi zaidi. Ilikuwa leo, Alhamisi, baada ya supu ya njegere, wakati shule nzima ina usingizi, na hilo lilinisaidia. Nilizungumza nikiitazama karatasi. Nilipofika kwenye jeni inayofunguliwa na majira ya baridi, Jalmari akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo hiyo mimea ni kama watu wa huku kwetu? Haianzi jambo lolote kabla haijateseka?"

Darasa likacheka, nami nikacheka, kisha nikasahau nilipofikia. Mwalimu alisema ilikuwa nzuri. Anasema hivyo kwa kila mtu.

Nalala vizuri nikijua fungu lako liko salama huko Turku. Hata mimi nikivuruga, rai ya Latvala haitapotea.

Wako,
Hilja


Latvala, Kuhmo
3 Oktoba 2006

Mama Mdogo mpendwa,

Hatujambo. Jalidi ya kwanza imepiga, na mto una ngozi nyembamba ya barafu ukingoni.

Nina swali la kisayansi, la jumla tu. Tuseme kuna rai. Tuseme imekatwa majani yote, mpaka chini kabisa, siku chache kabla ya majira ya baridi, na kitu mfano wa mkasi. Je, bado inaweza kusikia hiyo kengele uliyoniandikia? Na je, inakuwa imebakiwa na sukari ya kutosha?

Nauliza kwa ajili ya shule.

Nafurahi sana kwamba fungu lako lipo.

Hilja


Turku
7 Oktoba 2006

Hilja,

Huo mkasi una miguu mingapi?

Nami nimewahi kuishi Latvala, mwanangu. Najua kondoo wa hapo wanavyokata nyasi. Usijilaumu kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho, kwa sababu mimi nimefanya vibaya kuliko wewe, tena nikanyamaza tangu Juni.

Unakumbuka Juhannus, tulipokaa sauna nami nikawasimulia juu ya chumba changu, jinsi kinavyojipima joto chenyewe, jinsi mtu asivyohitaji hata kukigusa? Bibi akaniuliza, "Na umeme ukileta matata?" Nikamwambia king'ora kitalia. Basi usiku uleule umeme ulileta matata, na king'ora kikalia. Kililia sikukuu nzima. Kituo kizima kilikuwa tupu. Sote tulikuwa mashambani na kwenye vibanda vya ziwani, tukiota moto na kula soseji. Umeme uliporudi taa ziliwaka, lakini mashine ya kupoza ilibaki imezimika. Niliporudi Jumatatu, chumba kilikuwa na joto kama sauna ileile niliyokaa nikijisifu. Miche yangu ilikuwa imekauka, ukiishika inavunjika.

Chungu kimoja tu cha pembeni, chini ya bomba linalovuja, kilikuwa na mashina yenye dalili ya uhai. Niliyanywesha kwa kijiko. Yamesalia matatu. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu, na pia kwa sababu nilisema moyoni: Hilja ana shamba zima.

Kumbe wewe ulikuwa unasema: Tuija ana mashine.

Hayo ndiyo yaliyobaki, basi: mashina yangu matatu na visiki vyako. Jibu la swali lako la "shule": rai hukua kutoka chini, kwenye kitovu kilichofichwa karibu na udongo. Kondoo hawafiki hapo wasipokwangua. Kama kitovu ni kizima, inaweza kurudi. Lakini haina muda mwingi, na sitakudanganya tena: sijui.

Tusimwambie Bibi bado.

Tuija


Latvala, Kuhmo
15 Oktoba 2006

Mama Mdogo,

Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye lundo la mawe. Kwanza nililia, kisha nikafikia pale pa king'ora na soseji nikacheka, kisha nikalia tena kidogo. Nilidhani watu wenye maabara hawapatwi na mambo kama haya.

Ilikuwa Jumapili, mwisho wa Septemba. Tulimchukua Bibi kutoka nyumba ya wazee kama kawaida, aje aoge sauna. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeingia kung'oa magugu. Nakumbuka nikilifunga lango la waya, lakini inaonekana nakumbuka vibaya. Tulipotoka kwenye kahawa, kondoo wote walikuwa mle ndani wakitafuna kwa utulivu, kama watu waliolipia. Niliwafukuza kwa ufagio wa sauna. Palikuwa hapana kitu tena, isipokuwa kona moja nyuma ya mawe ambako hawakuweza kupenya. Kona hiyo imebaki ndefu na nzuri, nayo ndiyo tegemeo langu.

Bibi alikuwa amekaa tu dirishani. Aliomba andazi la pili.

Tangu hapo kila akipiga simu anauliza, "Rai yangu inafanya nini?" Nami namjibu, "Inalala, Bibi." Si uongo kamili. Nimechunguza visiki kwa kioo cha kukuzia, na vingine vimetoa ncha ya kijani, fupi kama ukucha. Leo theluji imeanza.

Hilja


Turku
21 Januari 2007

Hilja mwanangu,

Mama yako ananiambia huko mmefika nyuzi thelathini chini ya sifuri, nawe umechomeka kipimajoto kwenye theluji na kukisoma kila asubuhi kabla ya basi la shule. Na kwamba huko chini, kwenye udongo, ni karibu na sifuri tu. Vizuri. Hilo ndilo blanketi. Usilifunue kuchungulia, najua unatamani.

Nami nina habari. Moja ya mashina yangu matatu lilikuwa limezaana, nikaligawa katika vyungu viwili. Chungu kimoja nikakinywesha vizuri, kingine nikakinyima maji mpaka majani yakalegea. Kisha nikachukua vipande vidogo vya majani ya kila upande, nikavigandisha polepole na kupima ni maji kiasi gani yanayovuja kutoka kwenye seli zilizopasuka. Jani lililonyimwa maji lilivuja kidogo kuliko lile lililoshiba. Halijawahi kuonja baridi hata siku moja, lakini lilikuwa tayari. Tuliposoma jeni zake tukawakuta wale waitikiaji wote wako macho. Waliamshwa na kengele ya ukame, wakaikuta kazi ya baridi mkononi.

Chungu kimoja si ushahidi wa kuandika gazetini, na mwenzangu Ruutu amenikumbusha hilo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Lakini nilitembea nyumbani nikiimba, barabarani, nikiwa mtu mzima.

Sasa vyungu vyote nimevitoa nje, nimevifukia kwenye theluji ya uani. Jirani alinikuta nikivizika.

"Umefiwa na paka?" akaniuliza.

"Hapana, ni nafaka."

"Pole vilevile," akasema.

Tungoje. Ni kazi ngumu kuliko zote, na sisi wawili hatuiwezi vizuri.

Tuija


Latvala, Kuhmo
20 Mei 2007

Mama Mdogo mpendwa,

Kaa chini kwanza.

Theluji nyuma ya sauna iliisha wiki iliyopita. Nilikwenda kabla ya shule, na niliyoyaona yalikuwa ya kahawia, yamelala, yamelowa kama karatasi iliyotupwa. Sikumwambia mtu. Ile kona yangu nzuri nyuma ya mawe ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: majani yote marefu yalikuwa yameoza na kugandamana, yamefunikwa na ukungu wa rangi ya waridi. Shuleni Jalmari aliniuliza, "Nyasi imeamka?" nikaingia chooni.

Leo Bibi amekuja. Nikaamua kumwambia yote. Nilijizoeza maneno mbele ya ng'ombe wa jirani. Nilimshika mkono tukapita sauna, tukasimama pale, na nikaanza:

"Bibi, ni kosa langu. Jumapili ile niliacha lango wazi, kondoo wakaingia, na…"

"Nani aliacha lango wazi?"

"Mimi."

"Wewe?" Akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye mabuti. "Wewe mtoto ukifunga lango unarudi kulikagua, halafu unarudi kukagua kama ulikagua. Niliwafungulia mimi."

Mama Mdogo, niliuachia mkono wake.

Akasema tulipokuwa tunakata keki yeye alitoka kwenda chooni, akaiona rai imenenepa mno, akainua komeo. Baba yake alikuwa akifanya vivyo hivyo kila vuli. Rai ndefu na nene ikilala chini ya theluji, inajipasha moto yenyewe na kuoza. "Nilidhani mnajua," akasema. "Mmoja ana maabara, mwingine ana vitabu. Nikasema, nisiwe bibi anayejitia kujua." Nilipomuuliza kwa nini alikaa kimya niliponyanyua ufagio na kuwafukuza, alijibu, "Walikuwa wameshashiba."

Kisha akainama, akishikilia bega langu, akavuta jani moja la kahawia. Likatoka lote. Chini yake palikuwa na kitu cheupe, na ndani ya weupe, kijani. Akavuta jingine. Kijani. Nikapiga magoti nikavuta la tatu, la nne, mpaka akaniambia niache, nisije nikamaliza kazi ya kondoo.

Ni hai. Si yote, lakini nyingi. Iliyokufa ni ile ya kona, ile ambayo kondoo hawakuifikia, ile niliyokuwa naitegemea.

Baba ameongeza waya kwenye lango.

Vyungu vyako je, vile ulivyovifukia kwenye theluji ya uani?

Hilja


Turku
18 Juni 2007

Hilja mwanangu,

Jana simu yangu ililia, nikaipokea, na sikusikia kitu. Nikasema haloo mara kadhaa. Nilikuwa karibu kukata, nikidhani laini ni mbovu, ndipo nikasikia mtu akivuta pumzi kana kwamba anataka kupiga mbizi, na sauti yako ikasema, "Yametoka." Halafu ukasema, "Masuke." Halafu ukazungumza mfululizo mpaka chai yangu ikapoa, juu ya urefu wake, rangi yake ya samawati yanapopigwa na upepo, na Jalmari aliyekuja kwa baiskeli akayatazama akasema hajui aseme nini, jambo ambalo unasema halijawahi kutokea. Sikutaka kukukatiza. Kisha Bibi akakunyang'anya simu, akasema, "Tuija, beseni si lako," akakata.

Kwa hiyo sikupata nafasi ya kukujibu swali lako la Mei. Vyungu vyangu vilitoka kwenye theluji vikiwa hai. Kile kilichoonja ukame kimetoa suke moja, fupi, limepinda shingo kama linaona haya kusimama mbele za watu. Hivyo vingine vina majani tu, vinafikiria.

Sasa sikiliza. Suke hilo moja likibaki Turku halitazaa hata punje. Rai haikubali chavua yake yenyewe. Lazima ipepewe chavua ya mwenzake. Lingekuwa limevuka kiangazi kile na majira ya baridi yote bure, kwa kukosa jirani. Kwa hiyo nakuja. Nitapanda treni ya usiku Alhamisi, chungu mapajani, na Ijumaa tutakiweka katikati ya shamba lako, mahali penye upepo, mafungu yote mawili ya soksi ile yakutane. Chumba changu cha mashine hakina mtu wa kumlilia Juhannus hii. Nimekizima kwa mkono wangu.

Waambie wapashe sauna moto. Beseni msilioshe, hata mama yako akilitazama vibaya. Na tafadhali, kwa upole, kwa heshima zote, mwambie Bibi kwamba safari hii masuke yameshatoka: lango lifungwe.

Tuija